Sajini aliyepelekwa kufundisha makuruta hakushushwa cheo

SWALI: Mimi ni msomaji wenu wa Wete, Pemba. Mtoto wa dada yangu ni sajini wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Miezi miwili iliyopita ametolewa kikosini kwake, akapelekwa bara kuwa mkufunzi wa makuruta. Hapa barzani wanasema amewekwa pembeni, kwamba askari hodari hapelekwi kufundisha. Bibi yake aliposikia neno "mafunzo" alilia, akidhani kijana amefungwa. Naomba unieleze: brigedi ya mafunzo ni kitu gani, ilianza vipi na kazi yake nini? Na sisi Zanzibar tuliwahi kuwa na yetu?

JIBU: Nianze na bibi, maana machozi yake yana sababu. Kwetu Visiwani neno "mafunzo" lina uzito ambao bara halina. Jela yetu inaitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyemo ndani tunamwita mwanafunzi. Mzee akiambiwa mjukuu wake kapelekwa mafunzoni, ana haki ya kushtuka. Kaeni naye mumweleze taratibu kwamba kijana hakupelekwa kupewa mafunzo, amekwenda kuyatoa. Mwambieni ni mwalimu. Neno hilo atalielewa mara moja, na naamini litampoza.

Mimi nimevaa magwanda kwa zaidi ya miaka 20, na 11 kati ya hiyo nimeimaliza uwanjani na makuruta. Hayo maneno ya barzani, kwamba askari hodari hafundishi, nimeyasikia tangu nikiwa koplo. Yananiuma mpaka leo, kwa sababu si kweli, na kwa sababu yanawavunja moyo watu waliobeba jeshi zima mabegani.

Tuanze na neno lenyewe. Askari 10 hivi hufanya seksheni. Seksheni tatu ni platuni, platuni tatu au nne ni kombania, na kombania kadhaa ni kikosi chenye watu mia kadhaa. Vikosi kadhaa vikiwekwa chini ya kamanda mmoja ndiyo brigedi, ambayo katika majeshi mengi huwa na watu 3,000 mpaka 5,000. Hapa kwetu mnaijua Brigedi ya Nyuki, ndiyo brigedi ya JWTZ iliyopo Visiwani. Hiyo ni brigedi ya ulinzi, kazi yake ni kuwa tayari kupigana.

Brigedi ya mafunzo kwa sura inafanana na hiyo: ina kamanda, ina kombania, ina ghala la silaha, ina jiko. Tofauti iko kwa watu. Kwenye brigedi ya mapigano askari ndio wenyeji. Kwenye brigedi ya mafunzo askari ni wapita njia, wenyeji ni wakufunzi. Uwanja unajaa vichwa vilivyonyolewa jana, vijana hawajui hata kufunga kamba za buti. Baada ya miezi kadhaa wanaondoka wakiwa askari, uwanja unafagiliwa, na basi la wengine linapiga honi getini. Nchi nyingine huita taasisi hiyo brigedi, nyingine huiita shule. Sisi askari wa kawaida tunasema "depo", na mtu ambaye hajapita depo hata akivaa nyota begani hatumhesabu. Kwa JWTZ, mlango mkubwa wa makuruta ni shule ya Kihangaiko, iliyoko Msata, mkoa wa Pwani.

Kwa nini kazi hii ikatengwa? Zamani kila kikosi kilijifundishia watu wake. Matokeo yake, askari wa kikosi hiki akijaza bunduki kwa mwendo mmoja, wa kikosi cha jirani ana mwendo mwingine, na wakichanganywa vitani hawaelewani. Kisa ambacho walimu wa kijeshi hupenda kukitoa ni cha Marekani, majira ya baridi ya mwaka 1778, kambi ya Valley Forge. Jeshi la George Washington lilikuwa na njaa na limechakaa, na kila jimbo lilileta watu wake na gwaride lake. Akaja afisa kutoka Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, jina lake von Steuben, ambaye Kiingereza hata hakukijua vizuri. Hakujaribu kufundisha jeshi zima. Alichagua watu kama 100, akawafanya kombania ya mfano, akawafundisha mwenyewe kwa mkono wake, kisha wale ndio wakaenda kuwafundisha wenzao. Siri yote ya brigedi ya mafunzo iko hapo. Ukimfundisha askari mmoja umepata askari mmoja. Ukimfundisha mkufunzi mmoja, hujui utapata askari wangapi.

Hao hao Wamarekani leo wana brigedi ambazo hazina kazi nyingine ila hii. Brigedi yao ya 198 ilipigana Vietnam, ikavunjwa, na mwaka 2007 ikafufuliwa huko Fort Benning kwa ajili ya kufundisha askari wapya wa miguu. Jina lililopigana likapewa kazi ya kufundisha. Nadhani hapo barza ya Wete ina jambo la kutafakari.

Sasa Zanzibar. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi hudhani historia yetu ya kijeshi ilianza mwaka 1964.

Masultani wa zamani hawakuwa na jeshi la kufundishwa. Walikuwa na Mabulushi (watu wa Baluchistan) na Washihiri (Waarabu wa Hadhramaut) wa kukodiwa, waliokaa Ngome Kongwe na kwenye ngome za mwambao, kila kundi chini ya jemadari wake. Neno "jemadari" lilitufikia kwa njia hiyo. Hawa walijua kutumia silaha zao, lakini kila mmoja kwa alivyorithi kwao. Mwaka 1877 Sultan Barghash akataka kitu kingine. Akamtwaa luteni wa jeshi la majini la Uingereza, Lloyd Mathews, aliyekuwa kwenye meli iitwayo London iliyotia nanga bandarini kwetu kupambana na biashara ya watumwa. Mathews akaanza na askari Waafrika kama 300. Serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 aina ya Snider. Katika miaka michache wale 300 walizidi 1,000.

Tazama hesabu hiyo, utaona kombania ya mfano ya Valley Forge imezaliwa upya Unguja. Mtu mmoja hawezi kuwashika watu elfu. Wale wa mwanzo ndio waliokuwa walimu wa waliofuata, ndio walioishika mikono yao na kuwaonyesha bunduki inavyokaa begani. Majina yao hayakuandikwa popote ninapopajua mimi. Jina la Mathews limebaki, akawa Brigedia Jenerali, akawa waziri wa kwanza wa Sultani, akafia hapa mwaka 1901. Kwa hiyo unaponiuliza kama tuliwahi kuwa na yetu, jibu langu ni ndiyo, ingawa hawakuiita hivyo: uwanja wa gwaride wa Unguja wa mwaka 1877 ulifanya kazi ya brigedi ya mafunzo.

Na matunda yake yalifika kwenu Wete. Desemba 1881 nahodha wa meli ile iitwayo London, Brownrigg, aliuawa baharini karibu na Pemba alipojaribu kukagua jahazi lililobeba watumwa. Mathews akaja na askari wake, wakamfuata mwenye jahazi mpaka Wete, wakapigana, wakamkamata akiwa na majeraha yaliyomuua baadaye. Askari wale miaka minne nyuma walikuwa hawajui kulia wala kushoto kwa amri.

Mfano wa pili ni wa uchungu. Tarehe 27 Agosti 1896 Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa ametwaa usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, alikuwa amejifungia ndani ya kasri na watu kama 2,800, wengi wao watumishi, watumwa na watu wa mjini waliopewa bunduki siku mbili hizo hizo. Upande wa pili palikuwa na meli za Waingereza na askari 900 wa Zanzibar waliofundishwa. Saa tatu na dakika mbili asubuhi mizinga ikaanza, na haikufika saa nne kasoro robo mambo yamekwisha. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa kama 500. Sitaki kudanganya: siku ile mizinga ya meli ndiyo iliyoamua, na gwaride zuri lisingeizuia. Lakini kila nikipita Forodhani, karibu na lilipokuwa kasri, huwafikiria wale waliokabidhiwa bunduki bila kufundishwa hata namna ya kulala chini. Bunduki mkononi mwa mtu asiyefunzwa haimlindi, inamfanya abaki mahali ambapo angekwishakimbia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa Waingereza. Mwaka 1902 waliunda King's African Rifles, KAR, jeshi la makoloni yao ya Afrika Mashariki, na katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1917, askari wa Zanzibar waliingizwa humo na kuwa sehemu ya kikosi chake cha 7. Jambo la KAR ninalolipenda ni lugha. Kuruta mmoja Myao, mwingine Mkamba, mwingine Mnyamwezi: utawapa amri kwa lugha gani? Kwa sehemu kubwa wakatumia Kiswahili, na maafisa wa Kizungu wakalazimika kukisoma na kufanya mtihani. Sikiliza maneno ya uwanjani: "singe" limetoka India, "afande" ni "efendi" ya Waturuki iliyopita Misri na Sudan, "bunduki" ni ya Waarabu. Yote yamekutana kwenye uwanja wa makuruta na kuwa Kiswahili. Mkufunzi anaposema "Mguu sawa!" anatumia chombo kilichochongwa na wakufunzi waliomtangulia kwa zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1964 unajulikana, nitaupita haraka. Januari 12 wanamapinduzi waliteka ghala za silaha za polisi Ziwani na Mtoni. Siku nane tu baadaye, bara, askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile lote. Na hapa ndipo umuhimu wa mafunzo unapoonekana kuliko vitani: alipotaka jeshi jipya hakuanza na silaha, alianza na kuruta. Ni nani aingie, nani amfundishe, afundishwe nini zaidi ya kulenga shabaha. Zanzibar nayo ilikuwa inalea jeshi lake jipya, na wakufunzi walitoka China na Urusi. Aprili 26 tukaungana, na Septemba 1 mwaka huo huo likazaliwa JWTZ. Ulinzi ukawa jambo la Muungano. Kwa sababu hiyo leo kijana wa Micheweni na kijana wa Songea hulala hanga moja, hula ugali wa sufuria moja, na hutukanwa na afande mmoja.

Watu pia huchanganya depo ya jeshi na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi). JKT ilianzishwa Julai 10, 1963 kwa ajili ya malezi ya vijana, kazi na uzalendo. Tangu 1966 ilikuwa lazima kwa wasomi, ikasimama mwaka 1994, ikarudi 2013. JKU yetu, yenye makao makuu Saateni, ina mizizi katika kambi za vijana zilizokuja baada ya Mapinduzi, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaitambua kama idara maalum ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Kijana akienda JKU atashika jembe, atajifunza ufundi, atacheza kwata, na wengi hutokea hapo kuingia vikosi vingine. Ni malezi mazuri na ninayaheshimu. Ila si jeshi la vita, na mkufunzi wa JKU na mpwa wako wana kazi zinazofanana mikono na kutofautiana mwisho.

Kama barza bado wanabisha, waulizeni kuhusu vita vya Kagera. Idi Amin wa Uganda alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilikuwa chini ya watu 40,000. Katika muda mfupi lilizidi 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000. Wakulima, makarani, walinzi. Nani aliwageuza kuwa askari wa kufika Kampala Aprili 11, 1979? Makamanda wanasifiwa, na wanastahili. Lakini palikuwa na masajini mamia waliosimama viwanjani alfajiri na jioni, wakirudia somo moja mpaka sauti inakauka, wakijua kwamba kosa watakaloliacha leo litamuua mtu mwezi ujao mbele ya mto.

Nikuonyeshe sasa kazi yenyewe ilivyo, kwa karibu.

Kuna kuruta mmoja simsahau, mvuvi, mtoto wa pwani, mwenye mabega mapana. Siku ya kwanza ya gwaride nikasema "Mbele, tembea!" akaondoka mguu wa kulia na mkono wa kulia pamoja. Mguu wa kushoto, mkono wa kushoto. Wenzake wakaangua kicheko. Jambo hili hutokea kila depo duniani: mtu ametembea vizuri tangu ana mwaka mmoja, ukimwamuru atembee, hofu inamsahaulisha kutembea. Mkufunzi mchanga angempigia kelele, na kelele ingezidisha hofu. Nilimtoa pembeni, nikamwambia tembea nami mpaka ule mkorosho. Njiani nikamuuliza habari za ngalawa, nyavu za macho mangapi, dema wanatega wapi msimu wa kusi. Anajibu, na mikono inapunga vizuri kabisa, mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Tulipofika mkoroshoni nikamwambia geuka, rudi hivyo hivyo, ila usiseme. Akarudi sawa. Jioni alikuja kunionyesha tena mwenyewe bila ya kuitwa.

Hilo ni gwaride tu. Bado kuna kufungua bunduki vipande na kuifunga gizani kwa kupapasa. Kuna siku ya kwanza ya risasi za kweli, siku ambayo mkufunzi hulala nyuma ya kuruta, mkono wake karibu na mgongo wa kijana, kwa sababu kijana akishtuka anaweza kugeuka na silaha mkononi. Kuna usiku wa kwanza wa kuruta aliyefiwa na mama yake kambini. Kuna yule mwenye nguvu asiye na adabu, na yule mwenye adabu asiye na nguvu, na lazima wote wawili watoke wakiwa askari au warudishwe makwao kwa haki. Makuruta wakiamka saa kumi usiku, mkufunzi ameamka saa tisa. Wakikimbia mchakamchaka kilomita nane, yeye amekimbia nane na ushei, maana hurudi nyuma kuwasukuma wanaobaki.

Kwa hiyo askari huyu anachaguliwaje? Kazi hii apewe mtu ambaye jeshi linataka makuruta wamwige, kwa sababu watamwiga, apende asipende. Wataiga anavyofunga mkanda, anavyoongea na wadogo, hata anavyodanganya kama ni mwongo. Kamanda mwenye akili hawezi kumpeleka mvivu huko, ni sawa na kutia mbegu mbovu shamba zima. Wamarekani mkufunzi wao wa makuruta humweka miaka 2 hivi kisha humrudisha kikosini, maana wanajua kazi inachosha, na wanataka kikosi nacho kifaidike naye.

Sitakuficha upande mzito. Kijana wenu atawakosa wenzake wa kikosini. Wao watakwenda operesheni, watarudi na visa, yeye ana hadithi ya kamba za buti. Kazi yake haina siku ya ushindi. Anaowafundisha huondoka wakati ndio kwanza wanaanza kupendeza, na wengi hatawaona tena. Zamani nilikuwa na bosi, jina lake halina haja, aliyewapeleka uwanjani watu aliokorofishana nao, kama adhabu. Makuruta wa mwaka ule walionekana hata kwa mbali kuwa wamefundishwa na watu waliokata tamaa. Pengine barza ya Wete imetoka kwenye mambo ya namna hiyo. Ila msimpime kijana wenu kwa kosa la bosi wa mtu mwingine.

Akija likizo msimuulize "utarudi lini kwenye kazi ya kweli?" Muulizeni ana makuruta wangapi, na yupi anampa shida. Atazungumza mpaka chai ipoe.

Na siku ya kufunga mafunzo, mkipata mwaliko, nendeni. Najua ni safari: boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar es Salaam, kisha gari mpaka huko aliko. Mchukueni na bibi kama miguu inamruhusu. Mgeni rasmi atakuwa jukwaani na watu wote watakuwa wanamtazama yeye na gwaride linalopita mbele yake. Ninyi tupeni macho pembeni ya uwanja, wanakosimama wakufunzi na mikono nyuma. Kijana wenu mtamtambua. Midomo yake itakuwa inacheza, anahesabu hatua pamoja nao, kushoto, kulia, kushoto, bila ya sauti.